Pumu kwa watu wazima: wangapi wanayo, na nini huongeza uwezekano wa kuipata

Pumu ni ugonjwa wa kudumu wa njia za hewa. Kuta zake huvimba, misuli inayozizunguka hubana na ute huongezeka, kisha hali hiyo hulegea yenyewe au kwa dawa. Huku kubana na kulegea ndiko kunakoitofautisha na magonjwa mengi ya kifua. Mtu anaweza kuamka saa tisa usiku anakohoa na kifua kinapiga mluzi, na asubuhi akapanda baiskeli kwenda shamba kama hana tatizo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, watoto kwa wakubwa, na 455,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwa watu wazima peke yao, jibu linategemea sana swali lililoulizwa. Utafiti wa afya uliofanyika katika nchi 70 mwaka 2002 na 2003 uliwahoji watu wa miaka 18 hadi 45. Waliosema daktari aliwahi kuwaambia wana pumu walikuwa asilimia 4.3. Waliosema kifua kilipiga mluzi ndani ya miezi 12 walikuwa asilimia 8.6, yaani mara mbili.

Tuchukue mfano wa watu wazima 1,000 wa Kaliua au Sikonge, wilaya za mkoa wa Tabora. Kwa wastani huo, 86 wangekuwa na mluzi, lakini 43 tu wangekuwa na jina la ugonjwa. Baadhi ya wanaobaki wana tatizo lingine: moyo, kifua kikuu, au ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Wengine wana pumu kabisa, ila hawajapimwa. Kipimo chenyewe ni spirometa: mgonjwa anapuliza kwa nguvu, anavuta salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa), anasubiri dakika 10 hadi 15, kisha anapuliza tena. Hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 na mililita 200 au zaidi, hiyo inaunga mkono pumu. Zahanati ya kijiji kwa kawaida haina mashine hiyo, kwa hiyo takwimu ndogo kwenye daftari la wagonjwa haithibitishi kuwa wagonjwa ni wachache.

Sasa vihatarishi. Kihatarishi ni kitu kinachoongeza uwezekano wa kupata ugonjwa. Kichochezi ni kile kinachouamsha ugonjwa kwa mtu ambaye tayari anao, kama mafua, baridi au vumbi. Watu huvichanganya kila siku. Na kuongeza uwezekano si kuleta ugonjwa kwa lazima: kihatarishi kikipandisha idadi kutoka watu 4 hadi 6 katika kila 100, bado 94 hawaupati.

Vinavyojulikana vizuri ni pumu au mzio katika familia, kuzaliwa njiti, maambukizi makali ya mapafu utotoni, uvutaji wa sigara na unene uliopitiliza. Utotoni wavulana ndio wengi. Baada ya balehe hali hugeuka, na kwa watu wazima wanawake huwa wengi zaidi.

Kazi nayo inastahili kuangaliwa kwa makini, maana hapo kuna la kufanya. Unga wa ngano, rangi ya magari inayopuliziwa na vumbi la mbao ngumu, mninga ukiwemo, vinaweza kumpa pumu mtu ambaye hakuwa nayo. Kwenye tumbaku ya mvuke, yaani inayokaushwa kwa joto la moto ndani ya jengo liitwalo bani, moshi unatakiwa kupita ndani ya mabomba na kutokea nje. Bomba likitoboka kwa kutu, moshi unaishia ndani, na anayeingia kukagua majani anauvuta wote. Baadaye, wakati wa kupanga tumbaku kwa madaraja ya ubora, vumbi la majani makavu hujaa chumbani, hasa dirisha likiwa limefungwa.

Kigoma kuna moshi wa kubanika samaki aina ya migebuka na kuchemsha mawese, juu ya ule wa mafiga nyumbani. Ushahidi dhidi ya moshi wa kuni ni mzito zaidi kwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, hata kwa mama ambaye hajawahi kuvuta sigara. Mwenye pumu, moshi huo humzidishia mashambulizi.

Kutambua kama kazi ndiyo chanzo, pima nguvu ya kupuliza kwa kifaa kidogo cha mkononi mara nne kwa siku, angalau wiki mbili, siku za kazi na za mapumziko. Namba zikishuka kazini na kupanda ukipumzika, peleka daftari hilo kwa daktari mapema. Anayeendelea kuvuta kitu hicho kwa miaka huweza kubaki na pumu hata akiacha kazi.

Jambo moja husahaulika kwa watu wazima kwa sababu wao ndio hunywa dawa nyingi. Propranolol, inayotumika kwa moyo na presha, inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, na baadhi ya wenye pumu hushambuliwa vikali wakinywa dawa za maumivu kama aspirini au diklofenaki. Taja ugonjwa wako kabla muuzaji hajafungua pakiti. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli huwa salama kwa wengi wao.