Paswedi ya printa hailindi karatasi

Wiki iliyopita nilimwomba meneja mmoja dakika kumi nibadilishe paswedi ya msimamizi kwenye kontrola ya printa yao, yaani kompyuta inayoiendesha. Akaniambia, "Fundi, nani atahangaika na printa? Ndani mna nini?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno, basi leo najibu kwa maandishi.

Ndani mna paswedi zenu nyingine.

Mashine ikiskani na kutuma faili kwenye folda ya seva, lazima ijitambulishe kwa seva hiyo. Akaunti inayotumia imehifadhiwa kwenye kontrola. Mnafungua mipangilio, mnaona nukta nukta, mnatulia. Lakini aliyeingia kama msimamizi hana haja ya kuzisoma nukta. Anaondoa anwani ya seva, anaweka ya kompyuta yake, kisha anabonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho. Mashine inatii na kumpelekea jina na paswedi, mara nyingi bila kufichwa. Akimaliza anarudisha anwani ya zamani, na hakuna karatasi hata moja iliyotoka ikawashtua. Zipo mashine zinazofuta paswedi pale anwani inapobadilishwa. Jaribu yako, usikisie.

Kinachoniudhi zaidi ni akaunti yenyewe. Nimeikuta mara nyingi ni ya msimamizi wa mtandao mzima, kwa sababu siku ya kufunga mashine skani ilikataa na fundi alikuwa na haraka. Jamani, ipeni haki ya kuandika kwenye folda moja tu!

Paswedi za kiwandani zimeandikwa kwenye vitabu vya mwongozo, kila mtu anazisoma. Hata ile ya pekee iliyobandikwa nyuma ya mashine isikutulize. Mwaka 2025 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilieleza kwamba kwenye mamia ya modeli za Brother, paswedi ya kiwandani inakokotolewa kutokana na namba ya utambulisho ya mashine, na mashine ikiulizwa namba hiyo kupitia mtandao iliitoa. Kwa zilizokwisha kutoka kiwandani programu mpya haikuweza kuliondoa tatizo lenyewe. Dawa ni kubadilisha paswedi.

Poti 9100, mlango wa mtandao ambao printa hupokelea kazi za kuchapa, isionekane kutoka intaneti. Hiyo ni kazi ya ukuta wa mtandao (firewall). Paswedi ya msimamizi haiizuii.

Kuna jambo bado linanisumbua. Miaka yote nimewaambia wateja wabadilishe paswedi kila miezi 3, na sasa sina hakika kama niliwasaidia, maana nilirudi nikaikuta imebandikwa kwenye kioo cha mashine. Na ikipotea, kontrola kubwa ya kiwanda cha uchapaji huenda ikabidi isakinishwe upya, kazi za wateja zikisubiri. Siku hizi naweka paswedi moja ndefu, tofauti kwa kila mashine, naiandika kwenye karatasi, naifunga kwenye bahasha, na bahasha inakaa kwenye sefu ya mhasibu.