Mindanao: Yanayosemwa Kuhusu Vita vya Wamoro, na Yaliyotokea Kweli

Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Ufilipino, huwa habari kwetu pale tu damu inapomwagika: watalii wametekwa, kanisa limelipuliwa, mji umezingirwa. Miaka zaidi ya ishirini ambayo serikali na Moro Islamic Liberation Front (MILF), kundi la waasi wa Kimoro, walikuwa wakikutana mezani, huku wapiganaji wa pande zote mbili wakiwa bado na bunduki begani, haina soko kwenye vichwa vya habari. Ndiyo maana mengi yanayosemwa kuhusu mgogoro ule hayafanani na yaliyotokea.

“Ni vita vya Waislamu na Wakristo”

Dini imo, hakuna anayebisha. Wamoro, wenyeji wa Mindanao na visiwa vya jirani, ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama walivyo wengi wa mwambao wetu, na masultani wao wa Sulu na Maguindanao waliwasumbua Wahispania kwa karne tatu. Lakini ukichimba chanzo cha vita vya sasa, unakutana na ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1919, enzi za utawala wa Marekani, ilimruhusu mlowezi kuomba hekta 24, ila asiyekuwa Mkristo aliishia hekta 10. Mwaka 1936 viwango vikapunguzwa: hekta 16 kwa huyu, hekta 4 kwa yule. Yaani aliyezaliwa pale na kuzika babu zake pale alistahili robo ya alichopewa mtu aliyeshuka melini juzi. Walowezi wakamiminika kutoka Luzon na Visayas, visiwa vya kaskazini na katikati ya nchi, na wenyeji, Waislamu pamoja na Walumad wasio Waislamu, wakajikuta wachache kwao.

Kilichowasha moto ni mauaji ya mwaka 1968 katika kisiwa cha Corregidor, ambako vijana wa Kiislamu waliokuwa wakipewa mafunzo ya siri ya kijeshi walipigwa risasi na jeshi lililowaajiri. Mwalimu wa chuo kikuu, Nur Misuari, akaanzisha Moro National Liberation Front (MNLF). Rais Ferdinand Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi Septemba 1972, vita vikapamba moto.

“Wamoro wote ni Abu Sayyaf”

Hapa watu huchanganya sana. MNLF ya Misuari ilisaini mkataba wa Tripoli Desemba 1976, Libya ikiwa mwenyeji, kisha mkataba wa mwisho na Rais Fidel Ramos Septemba 1996. Hashim Salamat, aliyesoma Al-Azhar, alijitenga na Misuari mwishoni mwa miaka ya sabini, na kundi lake ndilo lililokuja kuitwa MILF. Abu Sayyaf ni kundi jingine kabisa, la miaka ya tisini, lililojulikana zaidi kwa utekaji. Na MILF nayo ilimeguka: kamanda Ameril Umbra Kato aliona mazungumzo hayana maana, akaondoka na watu wake.

Wapiganaji waliojinasibisha na Dola la Kiislamu walipouteka mji wa Marawi mwaka 2017, MILF haikuwaunga mkono. Ilishirikiana na serikali kufungua njia ya kuwatoa raia waliokwama.

“Kusitisha mapigano ni kuweka silaha chini na kusubiri”

Hii ndiyo dhana ninayoiona na madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu wadhani kazi imekwisha karatasi ikishasainiwa. MILF na serikali walisaini makubaliano ya kusitisha mapigano Julai 1997. Mwaka 2000 Rais Joseph Estrada alitangaza vita kamili, jeshi likaiteka Kambi Abubakar, makao makuu ya MILF. Mwaka 2003 likashambulia tena, huko Buliok. Karatasi ilikuwepo muda wote huo.

Kilichobadilisha mambo ni mitambo iliyojengwa kuizunguka karatasi ile. Kila upande uliunda kamati yake ya kusimamia usitishaji mapigano, na kamati hizo mbili zilifanya kazi pamoja, namba za simu mkononi. Risasi zikilia kijijini, maofisa wa jeshi na wa MILF walifika pamoja kuuliza nani kaanza na nani arudi nyuma. Kuanzia mwaka 2004 wakaongezeka waangalizi wa kimataifa chini ya uongozi wa Malaysia, pamoja na askari wa Brunei na Libya, na baadaye watu kutoka Japani, Norwei na Umoja wa Ulaya. Raia wa kawaida nao walikuwa na kikundi chao cha kujitolea, Bantay Ceasefire, kilichofika vijijini kuona kwa macho kabla pande mbili hazijaanza kutupiana lawama.

Kulikuwa na chombo kingine, kilichotokana na makubaliano ya Mei 2002, cha kushughulikia wahalifu wanaojificha ndani ya maeneo ya MILF. Tuseme polisi wanamfuata mtekaji, na njia inapita katikati ya kambi ya waasi. Wanatoa taarifa mapema, MILF inawasogeza watu wake pembeni, au inamtafuta mhalifu yenyewe. Padri Michael Sinnott kutoka Ireland alipotekwa Pagadian Oktoba 2009, MILF ilisaidia kupatikana kwake, naye akaachiwa mwezi uliofuata. Waasi wanaisaidia serikali waliyo vitani nayo kumwokoa padri wa Kikatoliki! Habari kama hiyo haikai vizuri ndani ya hadithi ya vita vya dini.

Tena si kila risasi ilikuwa ya waasi na jeshi. Kule kuna rido, visasi vya koo, vinavyoweza kuzuka kwa shamba, kwa uchaguzi au kwa heshima iliyovunjwa. Ukoo mmoja una mtoto MILF, mwingine una ndugu katika mgambo wa serikali, na ugomvi wa majirani unageuka kuwa “uvunjaji wa makubaliano” kabla jua halijazama. Sehemu kubwa ya kazi ya kamati ilikuwa kuuzima moto wa namna hii.

“Mamasapano ilionyesha MILF si watu wa kuaminika”

Tarehe 25 Januari 2015, kabla ya alfajiri, makomando wa polisi waliingia Mamasapano, huko Mindanao, kumtafuta Zulkifli bin Hir, mtengeneza mabomu kutoka Malaysia aliyejulikana kama Marwan. Walimuua. Kurudi ndiko kulikowashinda. Polisi 44 walikufa, wapiganaji 18 wa MILF nao, pamoja na raia kadhaa. Nchi nzima ikawaka, na wabunge waliokuwa wakisitasita kuhusu amani wakapata sababu.

Lakini operesheni ile iliingia eneo lenye wapiganaji wa MILF bila kuzijulisha kamati. Mpango wa makamanda ulikuwa kulitaarifu jeshi pale vijana wao watakapokuwa tayari wamefika mlengwa alipo. Mtambo ule nilioueleza hapo juu, uliojengwa kwa shughuli za aina ile hasa, haukutumiwa. Ulipoanza kutumiwa, mchana, watu wa kamati za pande zote mbili ndio walioingia kwenye mashamba ya mahindi wakati risasi bado zinalia, wakihimiza wapiganaji waache.

MILF nayo haina mikono misafi. Uchunguzi wa polisi wenyewe ulionyesha kuwa baadhi ya askari walipigwa risasi kwa karibu, na baadhi ya silaha zao zilichukuliwa. MILF ilirudisha bunduki 16 mwezi uliofuata. Wapiganaji wa kundi lililojimegua nao walikuwemo. Ila kuisoma siku ile kama ushahidi kwamba ushirikiano haufanyi kazi ni kuigeuza juu chini.

“Wamepewa nchi yao”

Hapana. MILF iliacha kudai uhuru kamili njiani. Mkataba wa Machi 2014, uliosainiwa Manila na Miriam Coronel-Ferrer kwa niaba ya serikali na Mohagher Iqbal kwa MILF, uliahidi mamlaka ya ndani kwa eneo la Wamoro, Bangsamoro: bunge lake, waziri kiongozi wake, na fungu la fedha kutoka hazina ya taifa. Ulinzi na mambo ya nje vinabaki Manila. Sharia inawahusu Waislamu.

“Mkataba ukisainiwa, yamekwisha”

Baada ya Mamasapano, sheria ya kuutekeleza mkataba ilikwama bungeni, ikapita mwaka 2018 chini ya Rais Rodrigo Duterte. Kura ya maoni ilipigwa Januari na Februari 2019. Mji wa Cotabato ukakubali kujiunga na Bangsamoro, Sulu ikakataa lakini ikaingizwa kwa kuwa kura zilihesabiwa pamoja na za mikoa mingine. Septemba 2024 Mahakama ya Juu ya nchi ikaitoa Sulu. Kamanda wa zamani wa MILF, Al Haj Murad Ebrahim, ndiye aliyekuwa waziri kiongozi wa kwanza wa mpito, hadi Machi 2025 alipobadilishwa na Rais Ferdinand Marcos Mdogo. Uchaguzi wa kwanza wa bunge la Bangsamoro ulipangwa mwaka 2022, ukasogezwa hadi 2025, ukasogezwa tena.

Silaha ndizo zinazochelewesha zaidi. Makubaliano yalitaja wapiganaji 40,000 na silaha 7,000, zoezi likisimamiwa na chombo huru chini ya mwenyekiti kutoka Uturuki. Zaidi ya 26,000 wameshapita kwenye meza za usajili na kupewa peso 100,000 kila mmoja. Julai 2025 MILF ilisimamisha zamu ya 14,000 waliobaki. Ilisema waliotangulia hawajapata msaada wote walioahidiwa wa kuanzia maisha ya uraiani, na kwamba kabla ya wengine kusalimisha bunduki, serikali itimize kwanza upande wake.