Nafasi ya ziada katika besiboli: namna timu isiyoongoza inavyoweza kutwaa ubingwa

Msomaji aliyezoea Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ambako timu 16 hucheza mechi 30 kila moja na mwenye pointi nyingi ndiye bingwa, hupata taabu anapoanza kufuatilia besiboli ya kulipwa ya Marekani. Huko timu 30 za MLB, ligi kuu ya besiboli ya nchi hiyo, hucheza mechi 162 kila moja, karibu kila siku, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na bado aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote hakabidhiwi ubingwa. Anachopata ni nafasi nzuri zaidi katika mashindano mengine, mafupi, ya mtoano, yanayochezwa Oktoba. Seattle Mariners walishinda mechi 116 mwaka 2001, idadi ambayo hakuna timu ya American League iliyowahi kuipita, na hata fainali hawakuiona.

Ili kuelewa inawezekanaje, ni lazima kuelewa nafasi ya ziada, ambayo watangazaji wa Marekani huiita waildikadi. MLB imegawanyika katika ligi mbili, American League na National League, na kila ligi ina kanda tatu: Mashariki, Kati na Magharibi. Anayeongoza kanda huingia mtoano moja kwa moja. Nafasi ya ziada ni tiketi inayopewa timu ambayo haikuongoza kanda yake, lakini ina rekodi bora kuliko timu nyingine za ligi yake zilizokosa uongozi huo. Kwa hiyo timu inaweza kumaliza ya pili, hata ya tatu katika kanda yake, na bado ikacheza Oktoba.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Hadi mwaka 1968 aliyeongoza kila ligi alikwenda moja kwa moja kwenye fainali, World Series, na hapakuwa na mlango mwingine. Mwaka 1969 kila ligi iligawanywa kanda mbili, na viongozi wa kanda wakaanza kupambana wao kwa wao kabla ya fainali. Kanda zilipokuwa tatu mwaka 1994, kukazuka tatizo la hesabu, kwa kuwa viongozi watatu hawawezi kucheza nusu fainali. Ndipo ikabuniwa timu ya nne, ile ya nafasi ya ziada. Mgomo wa wachezaji ulifuta mtoano wa mwaka huo, hivyo utaratibu mpya ukaanza kutumika mwaka 1995, na miaka miwili tu baadaye Florida Marlins wakawa timu ya kwanza kuchukua ubingwa kwa kupitia mlango huo. Mwaka 2012 nafasi zikawa mbili kwa kila ligi, na timu hizo mbili zililazimika kupambana katika mechi moja tu: anayefungwa anarudi nyumbani.

Sasa swali la msingi. Kwa nini timu ya namna hiyo isiondolewe mapema na walio bora kuliko yeye? Sehemu ya jibu imo katika asili ya mchezo wenyewe. Katika besiboli timu bora kabisa hushinda kama asilimia 60 ya mechi zake, ikivuka hapo sana inakuwa ya kihistoria, na timu dhaifu kabisa bado hushinda kama mechi 50 au 60 kwa msimu. Pengo kati ya mwenye nguvu na mnyonge huonekana tu pale mechi zinapokuwa nyingi. Tuseme timu moja ina uwezekano wa asilimia 55 wa kumshinda mpinzani wake kila wanapokutana. Wakicheza mfululizo wa mechi 7, ambapo wa kwanza kufikisha ushindi 4 ndiye anayesonga mbele, timu hiyo bora itapita kwa uwezekano wa takriban asilimia 61. Maana yake ni kwamba katika kila mifululizo mitano kama hiyo, mnyonge atapita karibu mara mbili, bila muujiza wowote.

Sehemu ya pili ya jibu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi na ndiyo isiyozungumzwa vya kutosha, inamhusu mrushaji. Huyu ndiye anayeanzisha kila tukio la mchezo kwa kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na mrushaji mmoja hodari akiwa katika siku yake anaweza kuwazima wapigaji tisa wazuri usiku mzima. Lakini mkono wa binadamu una kikomo. Mrushaji anayeanza mechi hutupa mipira kama 100, kisha kwa kawaida hupumzika siku nne kabla ya kurudi. Ndiyo sababu timu huhitaji warushaji watano wa kuanza mechi wakati wa msimu, wakipokezana zamu, na nyuma yao kundi la warushaji wa akiba wanaoingia wa kwanza anapochoka. Oktoba hali hubadilika. Kuna siku za mapumziko na za safari katikati ya mechi, hivyo kocha anaweza kumweka pembeni mrushaji wake wa tano, akampunguzia kazi wa nne, na kuwatumia wale watatu bora mara nyingi zaidi. Timu yenye warushaji watatu wakali na upungufu kila mahali pengine huteseka kwa miezi sita, kisha ghafla huwa ya kutisha kwa mwezi mmoja.

Hicho ndicho kilichotokea kwa Washington Nationals mwaka 2019, na sidhani kama upo mfano unaolieleza jambo hili vizuri zaidi.

Klabu hiyo ilizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1969 kwa jina la Expos, ikahamia Washington mwaka 2005, na katika miaka yote hiyo ilikuwa haijawahi kucheza World Series. Iliongoza kanda yake ya Mashariki katika miaka ya 2012, 2014, 2016 na 2017, na mara zote nne iliondolewa katika raundi yake ya kwanza ya mtoano. Kabla ya msimu wa 2019 nyota wake Bryce Harper aliondoka kwenda kwa mahasimu wao wa kanda hiyo hiyo, Philadelphia Phillies. Wengi waliona dirisha limefungwa. Msimu ulipoanza walionekana kusema kweli, kwani kufikia tarehe 23 Mei, baada ya kufungwa mechi nne mfululizo na New York Mets, Nationals walikuwa wameshinda 19 na kupoteza 31, na mazungumzo ya kumfukuza kocha Dave Martinez yalikuwa kila mahali.

Warushaji wao wa kuanza mechi, Max Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin, walikuwa miongoni mwa bora kabisa nchini. Warushaji wa akiba walikuwa miongoni mwa wabovu kabisa. Mara kwa mara timu iliongoza hadi dakika za lala salama, kisha watu wa akiba wakaingia na kuugawa ushindi. Hata hivyo katika mechi 112 zilizobaki Nationals walishinda 74, wakamaliza na rekodi ya 93 kwa 69, mechi nne nyuma ya Atlanta Braves walioongoza kanda. Msimu wa kandanda ungekwisha hapo, na timu ingepongezwa kwa kushika nafasi ya pili.

Tarehe 1 Oktoba waliwakaribisha Milwaukee Brewers katika ile mechi moja ya kufa na kupona. Mechi ya besiboli haina muda maalumu wa kumalizika. Kila timu hupewa zamu tisa za kupiga, na Nationals walipoingia zamu ya nane walikuwa nyuma kwa mikimbio 3 kwa 1 (mkimbio ni pointi anayoipata mchezaji akizunguka vituo vitatu vya uwanjani na kurudi alikoanzia, yaani nyumbani), wakimkabili Josh Hader, mrushaji wa akiba aliyeogopwa kuliko karibu wote wakati ule. Vituo vyote vitatu vilijaa wakimbiaji wa Washington, na watu wawili walikuwa wameshatolewa, yaani mmoja zaidi na zamu imekwisha. Juan Soto, kijana wa miaka 20 kutoka Jamhuri ya Dominika, akaupiga mpira kuelekea upande wa kulia. Lilikuwa pigo la kawaida, la kuleta mikimbio miwili na kusawazisha. Lakini mlinzi wa upande ule, Trent Grisham, aliuinamia mpira ukamteleza na kumpita nyuma, na mkimbiaji wa tatu naye akafika nyumbani. Ikawa 4 kwa 3, na hivyo ndivyo mechi ilivyokwisha. Miezi sita ya kazi ya klabu mbili ilikatwa na mpira mmoja uliodunda vibaya, na anayeulalamikia utaratibu wa mechi moja ana haki ya kulalamika.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawakulitilia maanani usiku ule ni nani aliyerusha katika zamu ya sita, ya saba na ya nane kwa upande wa Washington. Alikuwa Strasburg, ambaye kwa kawaida huanza mechi. Martinez alikuwa ameamua kwamba Oktoba hatawategemea watu wa akiba aliowaona wakiharibu mechi tangu Aprili. Atawatumia nyota wake katika kazi zote mbili. Katika raundi iliyofuata, dhidi ya Los Angeles Dodgers walioshinda mechi 106, Scherzer naye aliingizwa mechi ya pili kurusha zamu moja tu, ya nane, akawatoa wapigaji watatu, wote wakishindwa kuupiga mpira wake. Mbinu hii ina hatari zake, kwa kuwa Corbin alipoingizwa kwa namna hiyo hiyo katika mechi ya tatu aliruhusu mikimbio sita na mechi ikapotea 10 kwa 4. Hata hivyo kocha hakuiacha.

Mfululizo huo wa mechi tano ulikwenda hadi ya tano, Los Angeles, tarehe 9 Oktoba. Dodgers waliongoza 3 kwa 1 katika zamu ya nane, na aliyekuwa akirusha ni Clayton Kershaw, mmoja wa warushaji wakubwa wa kizazi chake, aliyeingizwa kama mtu wa akiba. Anthony Rendon akapiga homurani, yaani pigo linaloupeleka mpira nje ya uzio na kumpa mpigaji mkimbio bila kupingwa. Mpira uliofuata, Soto naye akafanya vilevile. Sare. Katika zamu ya kumi, ya nyongeza, Howie Kendrick mwenye miaka 36 akapiga homurani nyingine huku vituo vyote vikiwa vimejaa, mikimbio minne kwa pigo moja, na Washington wakashinda 7 kwa 3. St. Louis Cardinals, waliofuata, waliondolewa kwa mechi nne bila majibu.

Fainali dhidi ya Houston Astros, walioshinda mechi 107, ilileta jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mfululizo wa mechi saba wa ligi kubwa za Amerika Kaskazini: katika mechi zote saba timu mgeni ndiyo iliyoshinda. Scherzer alitakiwa kuanza mechi ya tano, lakini aliamka shingo ikiwa imekaza kiasi cha kushindwa kuinua mkono, na timu ikafungwa 7 kwa 1. Strasburg akaibeba mechi ya sita karibu peke yake. Siku iliyofuata, tarehe 30 Oktoba, Scherzer aliyedungwa sindano ya kutuliza maumivu alianza mechi ya saba, akavumilia zamu tano akiruhusu mikimbio miwili tu. Aliyempokea ni Corbin, ambaye safari hii alirusha zamu tatu bila kuruhusu mkimbio. Wakati huohuo, katika zamu ya saba, Rendon alikuwa amepiga homurani, na Kendrick akafuatia na nyingine iliyogonga nguzo ya mpaka wa kulia, nguzo ambayo kwa sheria za besiboli ni sehemu ya ndani ya uwanja. Nationals walishinda 6 kwa 2. Washington haikuwa na ubingwa wa besiboli tangu 1924.

Hesabu yao ya Oktoba ni ushindi 12 na vipigo 5, na katika mechi tano ambazo kufungwa kungewarudisha nyumbani, walikuwa nyuma katika zote tano na wakashinda zote tano.

Utaratibu umebadilika tena tangu wakati huo. Kuanzia mwaka 2022 kila ligi hupeleka timu sita, tatu kati yake zikiwa za nafasi ya ziada, na ile mechi moja ya kikatili imebadilishwa kuwa mfululizo wa mechi tatu, huku viongozi wawili bora wa kanda wakipumzika raundi hiyo. Timu zaidi maana yake ni mechi zaidi za kuuzia televisheni, na miji mingi zaidi yenye matumaini hadi Septemba. Mwaka huohuo wa kwanza Dodgers walishinda mechi 111, wakapumzika, kisha wakaondolewa na San Diego Padres, ambao Dodgers waliwazidi kwa ushindi 22 katika msimu. Mwaka 2023 World Series iliwakutanisha Texas Rangers, walioshinda mechi 90, na Arizona Diamondbacks, walioshinda 84, na wote wawili walikuwa wameingia kwa nafasi ya ziada.