Je, Wajua Kwa Nini Nibu Bapa Hunenepesha Mstari Mmoja na Kukondesha Mwingine?

Andika neno "Lamu" kwa biro, kisha chini yake uliandike tena kwa kalamu ya wino yenye nibu bapa, yaani ncha ya chuma iliyokatwa ikawa bapa. La kwanza lina mistari ya unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. La pili lina uhai mwingine: mguu wa L umenenepa, kipande chake cha chini kimekonda, na m ina vilima vinavyopanda vyembamba vikashuka vinene. Mkono ni ule ule, na aliyeandika hakukaza wala hakulegeza. Tofauti yote imetokana na umbo la ncha. Umbo hilo halihitaji dhahabu wala kalamu ya kifahari, na mtu akilielewa anaweza kununua kalamu ya bei nafuu akaifurahia miaka mingi.

Nibu ya kawaida ina kichembe cha madini magumu kilichochomelewa mwishoni ili ncha isilike upesi kwa kusugua karatasi. Kichembe hicho ni cha duara. Duara ni sawa pande zote, kwa hiyo ukivuta kalamu kwenda chini, kando au mshazari, mstari unatoka unene ule ule. Nibu bapa imekatwa mwishoni na kusawazishwa, ikawa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kama ncha ya bisibisi. Ukiivuta kwa kuukata upana wake, inaacha mstari mnene. Ukiiburura kuufuata upana huo, unabaki ule wembamba wake tu. Tuseme nibu ina upana wa milimita 1.1. Mstari unaoukata upana wake kikamilifu utakaribia milimita 1.1. Ukipita mshazari wa nyuzi 45 utapata karibu milimita 0.8. Ukifuata ubapa wenyewe, mstari unabaki na theluthi hivi ya upana huo.

Ni mistari ipi hasa inayonenepa? Hapo inategemea unavyoishika kalamu. Ubapa wa nibu ukilala sambamba na mistari ya daftari, mistari ya kushuka ndiyo minene na ya kulala ndiyo myembamba. Lakini wengi wetu kalamu hutuegemea upande wa bega la kulia, na ubapa ukakaa mshazari. Kwa hao, mstari mwembamba kuliko yote ni ule unaopanda kwenda kulia. Chora alama ya kujumlisha, kisha kando yake alama ya kuzidisha, utajua mara moja mkono wako uko wapi. Jambo hili halina kosa. Kila mtu ana mshiko wake, na ndio unaoupa mwandiko wake sura yake.

Waliozoea biro wana tabia moja inayoiumiza nibu bapa: kukandamiza. Biro inataka kukandamizwa ili kipira chake kibiringike. Nibu bapa ya chuma haina haja hiyo. Unene wa mstari umo katika umbo, si katika nguvu. Ukiikandamiza, meno yake mawili, yale yaliyotengwa na mpasuo wa kupitishia wino, yanaachana, wino unakatika au unamwagika kupita kiasi, na baada ya muda hayarudi sawasawa. Iache kalamu ijilaze kwa uzito wake, mkono wako uiongoze tu.

Kwa watu wa Lamu na visiwa vyake, mstari mnene na mwembamba si jambo geni. Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19 ilisifika kwa wanakili walioandika misahafu kwa mkono, wino mweusi kwa mwekundu. Kalamu ya mwanzi ya kuandikia Kiarabu huchongwa, ikapasuliwa katikati ili wino ushuke, kisha ncha yake ikakatwa mshazari iwe bapa. Ukiutazama mwandiko wa namna hiyo kwa karibu, utaona tumbo la kulala la herufi ba limejaa na herufi alifu imesimama nyembamba kuliko tumbo hilo. Nibu bapa ya madukani, mikononi mwa mtu aliyezoea kuandika herufi za Kilatini, hufanya kinyume: alifu inanenepa, tumbo la ba linakonda.

Nalisema hili kwa sababu wengi hapa Lamu wanaandika kwa herufi za namna zote mbili, za Kilatini za shuleni na za Kiarabu za chuo cha Kurani, na wengine hununua nibu bapa wakitarajia hati ya Kiarabu ijitengeneze yenyewe. Haitajitengeneza, ila njia ipo. Kama unaandika kwa mkono wa kulia, izungushe karatasi kufuata mwendo wa mishale ya saa, karibu nusu ya pembe mraba, na kalamu ishike vile vile. Sasa ubapa umesimama ukilinganisha na mstari wako, na mistari ya kulala ndiyo inayonenepa. Zipo pia nibu zilizochongwa makusudi ziwe pana kwa urefu badala ya upana, lakini hizo mara nyingi huchongwa na mafundi maalumu na bei yake huwa si ya mtu anayetafuta kalamu ya kila siku.

Sasa tuje kwenye kununua. Wengi huanza kwa kuuliza ni kalamu gani nzuri. Mimi naona swali la kwanza ni hili: herufi zako ndogo zina kimo gani? Chukua rula, pima a yako au n yako kutoka chini hadi juu, bila kuhesabu mikia wala vichwa.

Mpwa wangu, anayesoma sekondari na nyumbani kwao ni mtaa wa Langoni mjini Lamu, aliletewa kalamu ya nibu ya 1.1 kutoka Mombasa. Akaja na daftari lake, uso umemshuka.

"Shikamoo, mjomba. Mbona a zangu zote zimeziba?"

"Marahaba, mama. Hebu pima moja."

Tukapima. Herufi zake zilikuwa na kimo cha milimita 3 hivi. Waandishi wa hati za mapambo hupendelea herufi ndogo iwe na kimo cha upana wa nibu mara 4 hadi 5. Kwa nibu ya 1.1 hiyo ni milimita 4.4 hadi 5.5, na daftari lake lilikuwa na nafasi ya milimita 8 tu kati ya mstari na mstari. Toa nafasi ya vichwa vya l na k, toa na mikia ya y na g, hakuna kinachobaki. Kwa mwandiko wa kila siku mtu anaweza kushuka hadi mara 3 na bado ukasomeka, lakini chini ya hapo matundu ya herufi yanajaa wino.

Na Kiswahili kina mtihani wake hapa. Herufi a ndiyo tunayoiandika kuliko zote. Andika "wanawake", "maana", "tafadhali", "Matondoni", uhesabu matundu. Ushauri unaotoka kwa watu wanaoandika lugha nyingine unaweza kusema 1.1 inafaa kwa kila mtu, wakati mwandiko mdogo wa Kiswahili unageuka msururu wa madoa. Kwa hiyo mwenye herufi za milimita 3 na atafute nibu iliyo chini ya 1.1, au akubali kuandika herufi kubwa zaidi na kuruka mstari. Mwenye mwandiko mkubwa wa milimita 4 kwenda juu, 1.1 itampendeza sana. Mpwa wangu amechagua kuruka mstari katika barua na mashairi, na masomo anaandika kwa nibu ya duara.

Kwa wanaoandika wadogo wadogo, Pilot Metropolitan ya Kijapani yenye nibu iliyoandikwa CM ndiyo ningeielekeza kwanza. Mstari wake ni mwembamba kuliko 1.1 za Ulaya, tofauti ya unene inaonekana bila kuzidi, na kalamu yenyewe haina makuu. Lamy Safari ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1980, inapata nibu ya 1.1, na uzuri wake ni kwamba nibu huchomolewa na kubadilishwa. Ukiona haikufai, unanunua nibu tu, huna haja ya kalamu nyingine. Sehemu yake ya kushikia ina pande zilizobonyea zinazoviweka vidole mahali pamoja, na kwa nibu bapa hilo lina faida kubwa, kwa sababu kalamu ikijizungusha mkononi pembe moja ya ncha inaachana na karatasi na mstari unakatika. Ila mtu ambaye mshiko wake haupatani na pande hizo atataabika nayo. Aishike kwanza kabla ya kulipa.

Ya tatu ni TWSBI ECO, inayotoka Taiwan, nayo ina nibu ya 1.1. Hii huvuta wino yenyewe: unazamisha nibu chupani, unazungusha kitako, na bomba zima linajaa. Kwa mtu wa Lamu hili lina uzito. Vibomba vya wino vilivyojazwa tayari vya kampuni fulani fulani si vitu vya kuvikuta kila duka la vifaa vya shule, lakini chupa moja ya wino ukiagiza Mombasa au Nairobi inakaa muda mrefu. Nibu bapa hunywa wino mwingi kuliko ya duara, kwa hiyo bomba kubwa ni neema. Kwa Lamy na Pilot, uliza kama kivuta wino, yaani kijibomba cha kunyonyea wino kutoka chupani, kimo ndani ya boksi, maana mara nyingine huuzwa peke yake na bei inapanda bila wewe kutarajia.

Utakutana na nibu zinazofanana na bapa ila pembe zake ni kali. Hizo ni za italiki. Tofauti yake ya mnene na mwembamba ni nzuri mno, lakini ukiandika haraka pembe hukwaruza na kunasa nyuzi za karatasi. Za kila siku ziwe na pembe zilizolainishwa. Unapojaribu dukani, andika nane kubwa zilizolala, polepole kisha haraka, na usikilize. Mkwaruzo wa upande mmoja tu mara nyingi maana yake meno ya nibu hayako usawa mmoja. Chukua nyingine.

Karatasi inaweza kuiaibisha kalamu njema. Miezi ya masika hewa ya pwani imejaa unyevu, na daftari lililoachwa wazi barazani hulainika. Wino ukilifikia, unatambaa pembeni mwa herufi na kutokea upande wa pili, na kukauka unachelewa. Mstari mnene ndio unaoumia zaidi kwa sababu umebeba wino mwingi. Funika daftari, liweke ndani ya mfuko au mkebe, na ukinunua chagua karatasi isiyoparuza, yenye uso mgumu kidogo. Andika neno moja kwenye ukurasa wa mwisho na usubiri kabla ya kununua la pili.

Wino nao. Wino wa maji wa kawaida kama Quink ya Parker unatosha kwa wengi, lakini ukurasa ukipigwa na mawimbi kwenye boti ya Mokowe, maneno yanakwenda na maji. Kwa barua na hati za kuhifadhiwa kuna wino wa kaboni uliotengenezwa kwa kalamu hizi, kama Platinum Carbon, usiotoka kwa maji ukishakauka. Sharti lake ni kalamu itumiwe mara kwa mara na isiachwe ikakauka. Wino mweusi wa kuchorea wenye gundi usiutie kabisa. Utaganda kwenye mifereji iliyo chini ya nibu, na kuutoa ni kazi.

Joto pia lina desturi yake. Bomba lililobaki na wino kidogo lina hewa nyingi, na hewa ikipata moto inapanuka na kuusukuma wino nje. Ndivyo shati linavyopata doa jua la adhuhuri. Ukisafiri, na hasa ukiruka kwa ndege kutoka Manda ambako shinikizo la hewa hubadilika, ijaze kalamu au itoe wino wote, na nibu iangalie juu.

Kuosha ni kila unapobadili wino, au mara moja kwa mwezi ukitumia ule wa kaboni. Vuta maji ya baridi, yatoe, rudia mpaka yatoke meupe. Yawe maji matamu, kama yale ya visima vya Shela yanayochujwa na michanga yake. Maji ya kisima chenye chumvi yakikauka ndani huacha chembe kwenye mpasuo ule ule mwembamba unaoushusha wino, na kalamu itaanza kuruka herufi siku chache baadaye.