Mbegu ya Mpunga Imekutwa na Kirusi? Usiichome Bado

Wiki jana nilipigiwa simu tena. Mzee mmoja wa Mwea alipimiwa mbegu zake za pishori, akaambiwa zina RYMV, kirusi cha kimyanga, ugonjwa unaogeuza majani ya mpunga kuwa manjano, na achome gunia lote. "Daktari, nichome au nisichome?" Gunia hilo ndilo msimu wake mzima. Inanikera sana.

Kipimo alichofanyiwa, PCR, husoma RNA, yaani chembe za urithi za kirusi. Haisemi kama kirusi bado kina nguvu ya kuambukiza. RYMV inajulikana Kenya tangu 1966, na imekutwa ndani ya punje, hadi kwenye kiini. Ila punje ikikomaa na kukauka, makali ya kirusi huisha, na miche huota safi. Shambani huingizwa na mbawakawa, mundu, mikono ya wapandikizaji, maotea ya msimu uliopita. 

Ndiyo maana hapa Nairobi sikubali jibu la punje peke yake. Nasia mbegu 300 kwenye trei, ndani ya chandarua kisichopitisha wadudu, kisha napima miche yenyewe kwa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili zinazonasa ganda la protini la kirusi. Jani nalisaga kwenye bafa, natia kwenye visima vya sahani. Kisima chenye jani nililoambukiza kwa makusudi hugeuka njano. Vya miche hubaki kama maji.

Kipo kirusi kinachopita kwenye mbegu kweli: endornavirusi ya mpunga. Katika baadhi ya aina za japonika, kundi la mpunga wa punje fupi, hurithiwa kupitia chavua na yai, karibu kila mche wake unacho. Hakina ganda la protini, kwa hiyo kingamwili za ELISA hazina pa kushika. Kinatafutwa kwa RNA yake yenye nyuzi mbili. Mmea wake unaonekana mzima kabisa, na hakuna anayeuchoma.

Nina shaka yangu pia. Sufuri kati ya 300 inanipa uhakika wa asilimia 95 kwamba maambukizi hayazidi asilimia 1 hivi. Kilo moja ina makumi ya maelfu ya punje. Siwezi kutia sahihi neno "kamwe".

Nilimjibu: "Mzee, usichome. Weka gunia kando, uniletee kiasi nisie. Kwanza katazame maotea kando ya mfereji, karibu na kitalu." Jana alinitumia picha. Majani ya maotea hayo yana michirizi ya manjano tangu shinani hadi ncha.