Je, wajua kwa nini sanduku la kwanza huwa tupu?

Ukurasa unafunguka huku vipande vya karatasi za rangi vikimwagika kutoka juu ya kioo cha simu. Kampuni kubwa inayojulikana inaadhimisha miaka kadhaa tangu ianzishwe, na kwa furaha yake inagawa simu mpya bure. Unaulizwa maswali manne mepesi: una umri gani, u mwanamke au mwanamume, unaifahamu kampuni hii, unaionaje. Halafu yanajitokeza masanduku tisa yaliyofungwa kwa utepe, na unaambiwa una nafasi tatu za kujaribu. Unagusa moja. Tupu. Unagusa jingine, na hapo simu inachomoza kutoka ndani yake na maandishi makubwa yanakupongeza.

Shangazi yangu alinitumia kiungo cha aina hiyo usiku mmoja. Chini yake aliandika, "Mwanangu, mimi nimeshapata, jaribu na wewe." Nilimpigia palepale. Shangazi si mtu wa kudanganywa ovyo. Namba ngeni ikimpigia na habari za bahati nasibu, huikata kabla sentensi haijaisha. Nilipomwambia kwamba huu ni utapeli alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini sanduku nililichagua mwenyewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike haya, kwa sababu ndani yake umo utapeli wote.

Sanduku alilolichagua halikuwa na maana yoyote. Kurasa za namna hii hazihesabu masanduku, zinahesabu miguso. Mguso wa kwanza umeandikiwa utoke mtupu, wa pili (kwingine wa tatu) umeandikiwa zawadi, na itakuwa hivyo hata ukianzia sanduku la pembe ipi. Maoni yaliyopangwa chini ya ukurasa, yale ya "nilidhani ni uongo, yangu nimeipokea jana", ni sehemu ya ukurasa wenyewe. Ukigusa jina la aliyeandika, hupelekwi popote. Ile hesabu ya "zimebaki zawadi 47" hushuka mbele ya macho yako, lakini ukiufungua ukurasa upya inarudi ilipoanzia. Sikushauri ufungue viungo vya watu ili kuyahakikisha haya. Ila ukijikuta umeshaingia na moyo unakudunda, kuupakia ukurasa upya na kuitazama hesabu hiyo kunatosha kukuzindua.

Sasa, kwa nini lile la kwanza liwe tupu? Kwa sababu zawadi inayotoka papo hapo inatia shaka. Ukikosa mara moja kisha ukapata, ushindi wako unafanana na bahati ya kweli. Na kwa kuwa kidole kilichochagua ni chako, unauona ushindi huo kuwa mali yako. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Langer, alichapisha majaribio yake kuhusu hulka hii. Katika jaribio moja, wafanyakazi wa ofisini waliuziwa tiketi za bahati nasibu kwa dola 1 kila moja. Baadhi yao walijichagulia tiketi, wengine walikabidhiwa tu. Baadaye waliulizwa wangekubali kuiuza tiketi hiyo kwa bei gani. Waliokabidhiwa walitaja wastani wa dola 1.96. Waliojichagulia walitaja dola 8.67. Uwezekano wa kushinda haukutofautiana hata kidogo, ila tiketi ya mkono wangu ina thamani kuliko tiketi niliyopewa. Wahenga walisema bahati ni chudi, yaani bidii, na tapeli anakupa chudi ya kutosha ili uiamini bahati anayokupa.

Yale maswali manne nayo yana kazi yake, ingawa hakuna anayeyasoma majibu. Mwaka 1966 watafiti Jonathan Freedman na Scott Fraser walichapisha utafiti uliofanyika California. Waliwaomba wenye nyumba waruhusu bango kubwa na baya la usalama barabarani lisimamishwe mbele ya nyumba zao. Walioombwa moja kwa moja, chini ya mmoja kati ya watano ndio waliokubali. Lakini miongoni mwa wale waliokuwa wamefikiwa kama wiki mbili kabla na kuombwa waweke kibandiko kidogo tu chenye ujumbe kama huo, zaidi ya saba kati ya kumi walikubali bango. Aliyesema ndiyo ndogo huona tabu kusema hapana kubwa. Kufikia wakati ukurasa unakuomba kitu chenye madhara, wewe umeshasema ndiyo mara sita au saba.

Kisha huja sharti la kusambaza. Shangazi aliambiwa apeleke kiungo kwenye magrupu matano au kwa watu ishirini, huku mstari wa buluu ukijaa kila anapotuma. Ukurasa hauna njia ya kujua kama ujumbe umetumwa kweli; unahesabu tu ni mara ngapi umegusa kitufe. WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe mmoja kwa mazungumzo matano duniani kote mwaka 2019, na ujumbe uliopitishwa kutoka kwa mtu mwingine hubandikwa alama ya kwamba umesambazwa. Lakini kitufe cha ukurasa huu huandaa ujumbe mpya kila mara. Anayeupokea haoni alama yoyote, anaona jina la shangazi yangu tu. Hapo ndipo tapeli anapopata kitu asichoweza kukinunua: kuaminiwa kwa mtu mliyekula naye na kulia naye.

Pesa zinatoka wapi, iwapo hakuna aliyetozwa chochote mpaka hapo? Njia ni nyingi, na tapeli mmoja anaweza kuzitumia zote. Wengine hulipwa kwa kila programu wanayokufanya uipakue, au kila mara unapoelekezwa kwenye ukurasa wa matangazo. Wengine hukuomba uruhusu ukurasa ukutumie arifa, na kuanzia siku hiyo simu yako haiachi kupokea vitisho vya virusi na habari za ushindi mpya. Wengine hukukusanyia jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, wakaziuza. Kuna ile ya kukuingiza kwenye huduma ya ujumbe wa kulipia ambayo hula salio lako kidogokidogo. Na kuna ada ndogo ya usafirishaji inayolipwa kwa kadi ya benki: kiasi hicho ni kidogo hivi kwamba hukifikirii mara mbili, lakini namba za kadi ulizoandika ndizo zilizokuwa zikitafutwa, na makato yataendelea mwezi baada ya mwezi kwa jina la huduma usiyoikumbuka.

Inayoniumiza zaidi ni ile ya tarakimu sita. Unaambiwa utapokea namba ya kuthibitisha ushindi, uisome au uiandike ukurasani. Namba inafika kweli, maana tapeli yuko upande wa pili anajaribu kufungua akaunti yako ya WhatsApp kwenye simu yake, na WhatsApp inamtumia mwenye namba tarakimu za kuthibitisha. Ukizitoa, umempa nyumba na ufunguo. Dakika chache baadaye rafiki zako wote wanapokea ujumbe kutoka kwako unaoomba mkopo wa dharura.

Wengi wanasema utapeli hujulikana kwa makosa ya tahajia na ahadi za kupita kiasi. Ni kweli nusu. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alijiuliza kwa nini barua za utapeli wa kuomba malipo ya awali huwa za ajabu hivyo, na jibu lake linastahili kukumbukwa. Kutuma ujumbe kwa watu milioni ni rahisi. Kinachomgharimu tapeli ni muda wa kuzungumza na kila anayejibu. Ujumbe wa ajabu humfukuza mapema mwenye shaka, wakabaki wale watakaofika hadi mwisho. Kwa hiyo uchakavu wa ujumbe unaweza kuwa chujio. Kwa upande mwingine, ujumbe ulioandikwa vizuri hauthibitishi uaminifu, hasa sasa ambapo programu za akili bandia zinaandika bila kukosea herufi.

Wala akaunti iliyothibitishwa haitoshi. Tarehe 15 Julai 2020 wahalifu waliingia kwenye mitambo ya Twitter baada ya kuwahadaa baadhi ya wafanyakazi wake kwa simu. Wakaandika kupitia akaunti za kweli kabisa za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates, Elon Musk na nyinginezo, wakiahidi kwamba atakayetuma bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, atarudishiwa mara mbili. Kwa saa chache walikusanya zaidi ya dola 100,000. Jina lilikuwa halisi, alama ya uthibitisho ilikuwa halisi, na kilichokuwa cha uongo ni ombi lenyewe. Anayetaka kukupa pesa hana haja ya kuanza kwa kupokea zako. Ada ya kodi, ya usajili, ya bima, ya kufungua mzigo: ibadilishwe jina vyovyote, zawadi inayolipiwa kabla ya kupokelewa si zawadi. Hata Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani huwaambia wananchi wake hivyo hivyo.

Mahali pa kutazama kwanza ni anwani ya tovuti, na hapa watu wengi huisoma kwa kuanzia upande usio sahihi. Macho hukimbilia mwanzo, na tapeli anajua, hivyo jina la kampuni huliweka hapohapo. Chukua mfano wa kubuni: kampunifulani.com.zawadi-leo.top/shinda. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili inayofuata "https:", kisha soma kurudi nyuma kuelekea kushoto. Vipande viwili vya mwisho kabla ya mkwaju ndivyo vinavyomtaja mwenye tovuti. Hapa ni zawadi-leo.top, na hiyo kampunifulani.com ni pambo tu. Nchi nyingine hutumia vipande vitatu, kama vile vinavyoishia na .co.uk, lakini usomaji ni uleule. Kiungo kilichofupishwa hakikuonyeshi lolote kati ya haya. Kiache, uitafute tovuti ya kampuni mwenyewe.

Alama ya kufuli kando ya anwani nayo imewaponza wengi. Kufuli linakwambia kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo hayawezi kusomwa na mtu wa njiani. Halikwambii ni nani aliyeko upande wa pili. Vyeti vinavyoleta alama hiyo hupatikana bure tangu mwaka 2015, na tapeli naye huvichukua. Google iliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari cha Chrome mwaka 2023, kwa sababu watu walikuwa wakiielewa kama muhuri wa uaminifu.

Kuna mtego mmoja unaowapata hata waangalifu, nao ni pale shindano linapokuwa la kweli. Kampuni inatangaza zawadi kwenye ukurasa wake, watu mia wanaandika maoni kushiriki. Tapeli anafungua akaunti yenye picha ileile na jina lileile, ila ameongeza nukta au herufi moja, halafu anawaandikia washiriki faraghani mmoja mmoja: hongera, umeshinda, bofya hapa. Wewe kweli ulishiriki, kwa hiyo ile kinga ya kusema "sikuingia shindano lolote" haipo. Ukipata ujumbe kama huo, usiujibu. Rudi kwenye ukurasa ulikoandika maoni yako, uangalie kama wametangaza washindi na kama walisema watawafikia kwa njia gani.

Ikiwa umeshatoa kitu, kinachotakiwa ni kasi. Uliyetoa namba za kadi, piga simu benki sasa hivi, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yenyewe, uombe ifungwe. Uliyetoa nenosiri, libadilishe, na kama ulilitumia kwingine libadilishe huko pia. Aliyenyang'anywa WhatsApp ajisajili upya kwa namba yake. Kufanya hivyo humtoa aliyeingia, na kisha aweke namba ya siri ya hatua mbili, ile ambayo WhatsApp huidai juu ya tarakimu sita. Programu uliyopakua kwa kuelekezwa na ukurasa iondolewe, na ruhusa ya arifa ifutwe kwenye mipangilio ya kivinjari.

Jihadhari na atakayejitokeza wiki moja baadaye akijiita mwanasheria au mtaalamu wa kurejesha pesa zilizoibwa. Orodha za watu waliolizwa huuzwa kati ya matapeli, na anayekuja kukuokoa kwa ada ndogo mara nyingi ameinunua orodha yenye jina lako.

Shangazi hakupoteza pesa. Alifika kwenye ukurasa wa kadi, miwani ikawa mbali, akaacha. Lakini alikuwa ameshatuma kiungo kwenye magrupu saba, na aliona haya kusema. Nilikaa naye kwenye simu akiandika polepole: "Kile kiungo nilichowatumia ni cha matapeli, msikifungue, na aliyefungua aniambie." Ndani ya nusu saa watu wawili walimjibu faraghani. Mmoja alikuwa ameshaandika namba za kadi yake, na alikuwa akisubiri apate wa kumwambia.