Ati ubongo wa mtoto unataka glukosi tu? Wacha tuongee

Huku Kisumu hii maneno iko kila ploti. Mtoto amezaliwa juzi, maziwa ya mamake bado yanatoka kidogo kidogo, na nyanyake ashakoroga glukosi ya paketi kwa kikombe ati ubongo usilale njaa.

Sasa ukweli ni huu, sukari kweli inatumika lakini si peke yake. Siku hizo za kwanza mwili wa mtoto unavunja mafuta aliyozaliwa nayo, maini yanayageuza kuwa ketoni, na ubongo unachoma hizo ketoni pamoja na sukari, tena ubongo wa mtoto mchanga unazivuta kutoka kwa damu mara 4 hadi 5 kushinda wa mtu mzima. Na si kuchoma tu, zingine zinatumika kujenga yale mafuta yanayofunika nyuzi za neva, kama vile raba inafunika waya ya stima. Halafu hayo maziwa ya mama yenyewe, karibu nusu ya nguvu yake ni mafuta na sukari yake iko ndani tayari, sasa kikombe cha glukosi ni cha nini? Kinamjaza tumbo na ananyonya kidogo, na asiponyonya maziwa pia yanachelewa kuja.

Wengine nao wanasema omena ni "mafuta ya ubongo" yanachomwa kichwani. Zii. Mafuta ya omena molekuli zake ni ndefu na ubongo hauzichomi sana, zinatumika kujenga kuta za seli. Omena kula tu.

Ingine, ati ubongo unakula sukari nyingi zaidi ukiwa mchanga. Utafiti wa Christopher Kuzawa na wenzake, Marekani, 2014, ulionyesha kilele ni kama miaka 5, hapo ubongo unachukua karibu 66% ya nguvu ya mwili uliopumzika. Huyo ni mtoto wa PP2! Lakini usimnunulie soda bana, uji, nduma na ugali zote zinageuka glukosi.

Kuna watoto sukari inashuka kweli: waliozaliwa kabla ya wakati, wadogo sana, ama mama ana kisukari. Hao hupimwa damu ya kisigino hospitalini, na ukiona mtoto anatetemeka, amelegea ama amekataa kunyonya, wachana na kikombe, mkimbize hosi saa hiyo hiyo.